Bei Haishuki, Naongeza Kengele

Mtu mmoja aliyejiita Mteja Mpole alitaka chumba chetu cha elfu sabini kwa elfu thelathini na moja na mia saba. Nilicheka mpaka meneja akatoka ofisini kwake kuuliza kulikoni.

Mimi ndiye ninayeuza vyumba pale hotelini. Vile vinavyokosa wageni tunaviweka kwenye mtandao ambako mgeni hutaja bei yake mwenyewe. Yeye haoni jina la hoteli mpaka akubaliwe. Anaona mtaa, idadi ya nyota na mistari miwili ya sifa. Mimi naona jina alilojibandika, tarehe anayoitaka na bei yake, basi. Nikikubali, hela yake imekwenda na hairudi. Nikikataa, namtajia bei yangu na maneno machache, naye haruhusiwi kutaja nyingine mpaka kesho yake. Meneja alinipa mpaka wa chini kabisa: elfu arobaini na nane. Chini ya hapo nisimkubali hata malaika.

Mteja Mpole alitaka Ijumaa ya wiki iliyofuata, watu wawili. Nilimjibu elfu sitini, nikamwandikia: "Nenda kalale nayo hiyo bei."

Maneno hayo nimeyatoa dukani kwa baba. Baba anauza vipuri vya baiskeli, na mimi nimekulia juu ya kigoda nyuma ya kaunta yake, kati ya minyororo na mipira. Kabla sijajua kuandika jina langu nilishajua kwamba bei ya mviringo, isiyo na mia juu yake, ni ya mtu asiyejua anachotaka, na kwamba ukipanda lazima kila hatua iwe fupi kuliko iliyopita, ili mwenzako aamini mfuko unaishia. Mteja akiwa mbishi, baba humwambia akalale na bei yake, kisha anarudi kupanga spoku kana kwamba hakuna mtu dukani.

Huyu Mpole alikuwa na mafunzo. Siku ya pili alikuja na elfu thelathini na tano na mia mbili. Siku ya tatu, thelathini na saba na mia sita. Jumamosi alinifanyia ujanja: aliongeza kwenye ombi lake mtaa wa viwandani, ambako hakuna hoteli hata moja ya nyota tatu kama yetu, na mtandao ukadhani ni ombi jipya ukamruhusu kujaribu mara mbili kwa siku. Mtu wa kugundua hilo hana kazi nyingine, nilimwambia meneja. Kumbe alikuwa na duka zima.

Niliposhuka mimi, nilishuka kwa hatua fupi. Alipopanda yeye, alipanda kwa hatua fupi zaidi. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, nilifungua kompyuta kuona mkono wa birika ameamkaje. Nakiri alinifurahisha, maana siku zile nilihitaji kufurahishwa.

Jumamosi ile baada ya Ijumaa yake, saa nne asubuhi, mimi ningekabidhiwa usimamizi wa mapokezi yote. Kungekuwa na hafla ndogo ukumbini, na kila mfanyakazi angeleta watu wake. Nilipiga simu nyumbani. Baba ndiye aliyepokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ongea na mama yako."

Hivyo ndivyo tunavyozungumza na baba tangu nihamie huku, miaka minne sasa. Hana ugomvi na mimi. Simu tu haiwezi. Anaishika kama kitu cha jirani anachoogopa kukivunja. Nilipomweleza mama kuhusu hafla, akamuuliza baba, nikamsikia akijibu kwa mbali kwamba duka halina mtu wa kuachiwa. Nilisema haidhuru. Ilidhuru sana, na nilikaa chooni robo saa kabla ya kurudi kwenye kaunta.

Jumatano Mteja Mpole alifika elfu arobaini na mia sita. Aliongeza mia moja tu! Siku hiyo nilikuwa na hasira zangu, nikamshushia mara moja mpaka arobaini na nane, nikaandika: "Hii ndiyo ya mwisho. Chukua au acha."

Alhamisi hakuandika chochote. Niliangalia saa mbili, saa tatu, saa nne. Nilijiambia amekwenda kusumbua wengine, na nikashangaa kuona ninamkosa.

Saa sita mama akapiga.

"Mwanangu, nikuulize wewe wa mahoteli. Mtu akikataliwa chumba kwenye mtandao anafanyaje?"

"Nani kakataliwa chumba?"

"Baba yako. Usimwambie nimekwambia. Alitaka tuje tukushtukize kwenye sherehe yako, kinyozi akamfundisha mambo ya simu. Siku nane sasa anabishana na mtu huko. Jana kaifungia simu yake kwenye droo. Anasema kama hawataki biashara, yeye anabaki dukani kwake."

Nikafungua ukurasa wa maombi kwenye kompyuta.

"Mama, alijiitaje huko kwenye mtandao?"

"Mteja Mpole," mama akasema, na yeye mwenyewe akaangua kicheko. "Eti mpole!"

Nikakata simu. Nimemfungia mlango baba yangu mwenyewe siku nane mfululizo, na kila siku nikajisifu kwa meneja. Nikapiga simu ya nyumbani, akapokea yeye.

"Shikamoo, baba. Nilitaka kukwambia..."

"Marahaba. Mama yako katoka. Piga baadaye." Kwisha.

Ningeweza kumwomba meneja. Wazazi wa wafanyakazi hulala kwa nusu bei, elfu thelathini na tano, ni kusaini karatasi moja tu. Lakini baba namjua. Chumba cha kupewa asingekikanyaga, na hafla ningeifanya peke yangu, nikipigiwa makofi na wazazi wa wenzangu. Mteja aliyetoka dukani kwa hasira anarudishwa kwa njia moja tu, na njia hiyo nilifundishwa na huyohuyo baba. Hushushi bei, maana ukishusha umemwambia kwamba jana ulikuwa unamwibia. Unamfuata mlangoni na nyongeza. Baba huwa na boksi la kengele ndogo za baiskeli chini ya kaunta kwa kazi hiyo, na maneno yake hayabadiliki.

Nikafungua kompyuta, nikaweka arobaini na nane ileile, chai ya asubuhi kwa wawili, na chini yake nikaandika: "Bei haishuki, naongeza kengele."

Kisha nikangoja. Mgeni mmoja alinililia kuhusu taulo, nikampa mashuka. Saa nane hakuna. Saa tisa hakuna. Nilikuwa nimeanza kuvaa koti la kuondokea kompyuta ilipolia. Malipo yameingia. Chini yake maneno mawili: "Kengele mbili."

Ijumaa alasiri walifika, mama na gauni lake la harusi za watu, baba na koti ambalo nilidhani limeshatupwa. Alisimama mbele ya kaunta yangu, akaigonga kidogo kama anayepima mbao.

"Nina chumba," akasema. "Nimekinunua kwa bei mbaya sana. Hapa kuna mwizi."

"Mwizi ndiye mimi, baba. Nisamehe. Mimi sikujua ni wewe."

"Mimi nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Nani mwingine anamwambia mteja akalale na bei?"

Mama alimgeukia kwa mshangao. Hata yeye alikuwa amedanganywa. Nikamuuliza baba kwa nini basi alibishana siku zote zile, kwa nini hakusema tu.

Alichukua ufunguo, akauangalia pande zote mbili kama anatafuta kasoro.

"Kwenye simu mimi nakosa la kusema," akasema. "Pale mtandaoni kila asubuhi nilikuwa nalo. Mpaka juzi uliponiambia niache."

Nilizunguka kaunta, jambo ambalo mapokezi hawaruhusiwi, nikamkumbatia mbele ya wageni wawili na mizigo yao. Aliniacha kwa muda, kisha akaniambia nirudi mahali pangu, biashara haiachwi wazi.

Jumamosi alikaa mstari wa mbele. Jina langu lilipotajwa hakupiga makofi. Alitoa mfukoni kengele ya baiskeli akailiza mara mbili, na ukumbi mzima ukageuka. Habari ya nusu bei mpaka leo sijamwambia, na wewe usimwambie.

Jumatatu, kabla ya chai, nilifungua kompyuta. Mteja Mpole alitaka chumba cha mtu mmoja, mwisho wa mwezi, kwa elfu thelathini na moja na mia saba. Nilifuta macho kwanza. Halafu nikamkatalia.