Jua Linasukuma

Yakobo alikuwa mwalimu wa dini kule milimani Uluguru, enzi za Mdachi, na mbele ya mama mkwe wake, Bibi Chausiku, hakuwa chochote. Kaoa kwa watu: shamba si lake, watoto ni wa ukoo wa mama yao. Akisema neno, bibi anaendelea kuchambua mbaazi zake. Wee! Mtu akae hivyo miaka na miaka, halafu siku moja apate la kusema.

Lilikuja na ile nyota ya mkia. Watu wote roho juu, ndipo Padre akamweleza: mkia ule unalikimbia jua, maana mwanga wa jua una nguvu, unausukuma. Ipo siku watu watatweka tanga jembamba huko juu mbinguni, na chombo kitakwenda kwa jua tu, bila upepo.

Yakobo akapanda mlima na habari yake kama mtu aliyebeba nyama. Padre alikuwa amesema pia kwamba nguvu yenyewe ni ndogo, haitikisi hata unyoya. Hilo hakulisema. Lingepunguza utamu.

Bibi Chausiku aliacha mbaazi. "Kumbe ndiyo maana mwali hatolewi juani! Wazee walijua. Ahsante, mkwe wangu."

Maana Rosa, binti wa Yakobo, alikuwa mwali, kawekwa ndani tangu avunje ungo, jua lisimwone mpaka siku ya kutolewa. Yakobo akatabasamu. Kuitwa mkwe wangu, jamani!

Haukupita muda, Rosa akashikwa na homa kali. Kila anachomeza anatapika. Yakobo akateremka mbio hadi misheni. Sista akamwambia dawa ya kunywa haitakaa tumboni, amlete leo hii achomwe sindano. Akarudi jua likiwaka, kifua chake nacho kinawaka.

"Mama, tumtoe sasa hivi. Tumfunike nguo."

"Nguo?" alisema Bibi Chausiku. "Na tanga ni nini, si nguo? Si umesema mwenyewe jua linalisukuma?"

"Nguvu yake ndogo mno, mama. Haitikisi hata unyoya."

"Juzi inasukuma nyota, leo haitikisi unyoya!" Hakusema kwa ubaya, alikuwa analia. "Tungoje jua lizame. Nakuomba, usiniulie mjukuu."

"Haki ya Mungu niliwaficha! Nilitaka mnisikilize!"

Ulimi hauna mfupa, nani atamwamini? Hata Regina mkewe aliinamisha uso. Kumchukua kwa nguvu haikuwezekana, wajomba walishakaa mlangoni.

Akaingia ndani, akamshika Rosa mkono.

"Baba, twende?"

"Bado kidogo, mama."

"Jua lipo?"

"Lipo, mwanangu."

Machela ilikuwa tayari uani. Rosa alikata roho jua likiwa bado juu ya mlima, na Yakobo akalia kwa sauti kama mtoto mdogo.

Kesho yake walimtoa mchana kweupe, jua la utosi, na hakuna hata mmoja aliyelitaja.