Machi Tuliyobaki kwa Akina Kehoe

Bendi yetu iliitwa The Furlongs, ingawa kati yetu hakukuwa na Furlong hata mmoja. Furlong alikuwa mwenye duka la misumari na rangi pale Enniscorthy, mji mdogo kusini mwa Dublin, aliyetuachia chumba cha juu tufanyie mazoezi kila Jumanne na Alhamisi, kwa sharti kwamba tusiguse gitaa kabla mteja wa mwisho hajatoka. Tulikuwa wanne. Malachy Roche alikuwa mwimbaji, na karibu nyimbo zote alizitunga yeye. Sive Doran alipiga gitaa la kwanza, lile linalorukaruka juu ya wengine. Ita Kehoe alikaa kwenye ngoma. Mimi, Lorcan Codd, nilipiga besi, na asubuhi niligawa barua.

Nyimbo zetu zilikuwa fupi, nyepesi, za kuimbika na mtu anayeosha vyombo. Malachy alizoea kusema ni nyimbo za watu wenye haya. Kampuni hatukuwa nayo. Santuri yetu ya kwanza tuliitoa wenyewe, nakala elfu moja, na kwa karibu mwaka mzima mama yake Malachy alikuwa akipita ubavu kwenda jikoni kwa sababu ya maboksi yaliyojaa ukumbini. Kisha mtangazaji mmoja wa redio kule Dublin akaupenda wimbo mmoja, akaupiga jioni tatu mfululizo. Maboksi yakaanza kupungua.

Novemba ya mwaka 1997 ikaja barua kutoka Ujerumani. Niliiona kabla ya mtu mwingine yeyote, maana mimi ndiye niliyeipeleka. Malachy aliifungua palepale mlangoni, miguuni ana soksi tu, akaisoma, akanirudishia.

"Codd, hebu soma wewe. Macho yangu yananichezea."

Nikasoma. Hayakuwa yakimchezea. Bendi kubwa ya Hamburg ilitaka tuifungulie maonyesho, yaani tupige kabla yake, katika miji kumi na mmoja, wiki tatu nzima, mwezi wa Machi.

Wiki hiyohiyo Sive aliacha kazi yake kwenye kiwanda cha jamu. Nami nilianza kujifunza kuhesabu kwa Kijerumani njiani, nikipita nyumba hadi nyumba, na mbwa wa watu wakinishangaa. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na sijawahi kufika mbali zaidi ya Liverpool.

Katikati ya Januari, Mzee Myles Kehoe, baba yake Ita, alianguka uani ndoo ikiwa mkononi. Kiharusi. Mkewe alikuwa ameshafariki, na mtoto wake wa kiume alikuwa Australia akijenga nyumba za watu. Zizini mlikuwa na ng'ombe sitini wa maziwa, na karibu wote walitarajiwa kuzaa kati ya Februari na Aprili.

Ita alikuja mazoezini Alhamisi iliyofuata, hakuvua koti.

"Tafuteni mpiga ngoma mwingine," alisema.

"Mwingine nani?" Malachy akauliza.

"Yeyote. Mimi nina mzee hospitalini asiyeweza kufunga kifungo cha shati lake, na ng'ombe sitini wa kukamua asubuhi na jioni."

"Majirani je?"

"Majirani wana ng'ombe wao, Malachy, nao wanazaa mwezi huohuo. Ng'ombe hawatasubiri eti mpaka turudi kutoka Ujerumani." Akaweka vijiti vyake juu ya ngoma, akavipanga vizuri, kimoja kando ya kingine. "Nendeni. Nitakasirika msipokwenda."

Tulimjaribu kijana mmoja wa mji wa Gorey. Nisiseme uongo, alikuwa fundi kumshinda Ita. Hakukosea hata mara moja. Lakini Ita alikuwa na kawaida ya kuchelewa kidogo, unywele tu, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu, na kumbe nyimbo zetu zote zilikuwa zimeegemea pale. Kwa yule kijana zilikuwa nyimbo za watu wengine. Tulipomaliza, Malachy akamshukuru, akambebea ngoma mpaka garini.

Jumanne akatuambia amepiga simu Hamburg na kukataa.

Sive alikuwa anafunga kamba mpya kwenye gitaa. Akaacha. "Umekataa? Umemuuliza nani?"

"Ningekuuliza, ungesema twende."

"Ndiyo, ningesema twende! Nimeacha kazi, Malachy. Nimeshanunua hadi begi!"

"Najua."

"Hujui lolote. Wewe kazi yako ni kutunga nyimbo za huzuni. Huzuni yenyewe unatuachia sisi." Akanigeukia. "Na wewe, Codd? Umekaa hapo kama sanduku la posta. Sema neno."

Nilitaka kwenda. Nilitaka kwenda kuliko wao wote. "Bila Ita siyo sisi," nikasema, na hata mimi nilisikia jinsi sauti yangu ilivyokosa nguvu. Sive akachukua gitaa lake akaondoka. Tulisikia viatu vyake ngazini, kisha kengele ya mlango wa duka.

Februari, mimi na Malachy tukaanza kwenda shambani kwa akina Kehoe kusaidia. Mimi nilifika saa saba mchana, baada ya barua. Malachy, ambaye wakati ule hakuwa na kazi, alikuwa huko tangu alfajiri, na alikuwa balaa. Aliwaogopa ng'ombe, nao wakajua.

"Usimwombe radhi," Ita alimfokea siku moja. "Msukume! Huyo ni ng'ombe, siyo mama mkwe."

"Ananitazama vibaya."

"Anakutazama kwa sababu umesimama mbele ya chakula chake, bwana mwanamuziki."

Lakini alijifunza. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa ameshamzalisha ng'ombe mmoja, akimvuta ndama kwa mikono yake, akatoka zizini amelowa hadi mabegani, anacheka peke yake. Ita akamkatia kipande kinene cha mkate wa magadi, akakipaka siagi pande zote mbili, jambo ambalo pale nyumbani walifanyiwa wagonjwa na mapadri tu.

Kati ya kukamua kwa asubuhi na kwa jioni kulikuwa na saa chache tupu. Tukazileta ngoma kutoka dukani, tukazipanga kwenye ghala la zamani la shayiri, lenye kuta nene za mawe na mlango mkubwa unaotazama ua. Tukaanza kupiga tukiwa watatu, taratibu, bila kusema tunafanya hivyo kwa ajili ya nini.

Mzee Kehoe alirudishwa nyumbani mwishoni mwa Februari. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yalikuwa yamemtoka karibu yote. Yalibaki machache, na mengine yalikuja mahali pasipo pake. Alikuwa akiomba kijiko akitaka koti. Zamani, alipokuwa na maneno yake kamili, aliiita bendi yetu "ile mvua ya mawe", na hakuwahi kuja kututazama hata mara moja. Sasa alikaa jikoni kando ya jiko, akitazama ua.

Mchana mmoja wa Machi, wiki ileile ambayo tungekuwa Bremen, kule Ujerumani, tulikuwa tunaufanyia kazi wimbo mpya wa Malachy. Haukukaa sawa. Tulikuwa tumeurudia mara ishirini. Nilipoinua macho nikamwona mzee mlangoni, amevuka ua peke yake kwa fimbo, amevaa viatu vya ndani. Ita akaruka kutoka kwenye kiti, lakini mzee akamkatalia kwa kichwa. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Tukapiga. Hatukufika katikati, akainua mkono wa kushoto.

"Mbio," alisema.

Tukatazamana. "Anataka nini?" Malachy akanong'ona.

"Anasema tunakimbia," Ita akasema.

"Nimeutunga hivyo."

"Basi umeutunga ukikimbia."

Mzee akaanza kugonga fimbo yake sakafuni. Tok. Tok. Mwendo wa chini kabisa, nilidhani amechoka. Ita akamtazama kwa muda, kisha akashika vijiti akamfuata, nami nikaingia nyuma yake. Malachy akaimba akiwa amenuna, nusu ya kutudhihaki, na kufikia ubeti wa pili hakuwa amenuna tena. Ule wimbo ulikuwa na nafasi ndani yake ambazo hatukuwahi kuziona. Tukamaliza. Mzee akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeonyeshwa lango lililotengenezwa vizuri, akaanza safari ya kurudi jikoni.

Ita alikuwa amegeukia ukuta. "Ni mwendo wake wa kuwaleta ng'ombe," alisema baadaye. "Miaka arobaini amewaleta hivyo. Ukiwakimbiza, maziwa yanapungua."

Siku tatu baadaye Sive akatokea kwa baiskeli, gitaa mgongoni, suruali imejaa tope. Hatukujua nani alimwambia. Ita aliinama ghafla kukaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.

"Sijawasamehe," Sive alisema. "Nionyesheni huo wimbo."

Tukaazima mashine ya kurekodia na vipaza sauti vinne, tukarekodi nyimbo kumi mle ghalani kwa muda wa siku tisa. Katika wimbo wa sita ng'ombe analia mara mbili. Malachy alitaka kumfuta. Sive akamwambia huyo ndiye aliyeimba vizuri kuliko wote siku ile, akaachwa. Santuri ilipotoka Septemba, Ita alimpigia mzee jikoni, pande zote mbili. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Chai." Hatujui kama lilikuwa neno alilolitaka.

Wajerumani waliusikia ule wimbo wa polepole, wakaandika tena. Safari hii Ita alijibu mwenyewe: Desemba, wakati ng'ombe wamekauka na hawakamuliwi, au isiwe kabisa. Binamu yake akaja kukaa na mzee, nasi tukaenda, miji saba badala ya kumi na mmoja. Kule Bremen walikuja watu mia na arobaini hivi, wakasimama na makoti yao, wakatusikiliza kimya kiasi kwamba nilisikia miguu yangu mwenyewe ikisogea. Kila jioni kabla ya kupanda jukwaani Ita alitafuta simu, akauliza habari za mtamba mmoja aliyekuwa anachechemea.

Tulitoa santuri mbili nyingine baada ya hiyo. Sive akaolewa Leipzig, kule Ujerumani, bendi ikalegea yenyewe bila ugomvi. Mzee Kehoe aliishi miaka sita zaidi, na baadhi ya maneno yake yalirudi. Malachy sasa anafundisha shule ya msingi huko Bunclody, na mimi bado nagawa barua, njia ileile, isipokuwa sasa natumia gari. Nikipita kwa akina Kehoe mchana, Ita huwa ghalani anatengeneza kitu. Huniuliza kama kuna bili. Nikisema zipo, husema nizirudishe nilikozitoa, kisha tunakwenda ndani.