Jani la Isale na Mapipa ya Eunike

Hii hutaamini, lakini ilitokea Kirua Vunjo enzi za Mwingereza, na kwetu hadi leo watu wakiisimulia wanagombana.

Eunike alifiwa na mume. Akabaki na nyumba ya bati, migomba na kahawa kidogo. Shemeji yake, Eliamini, ndiye alikuwa anagawa zamu za mfongo, ule mfereji wa ukoo unaoshusha maji kutoka mlimani. Bwana huyo akataka amrithi.

"Mjane hana zamu," akamwambia. "Njoo kwangu, zamu utapata."

"Zamu ya maji au zamu ya kitanda?"

Watu walicheka mbele yake! Eliamini akafura. "Basi kanywe bati!"

Siku hiyo hiyo akaziba mchepuko wa Eunike, kijito cha kuingiza maji shambani kwake, kwa udongo na mawe. Akapiga marufuku mtu yeyote kumpa hata kata moja ya maji. Watu wakatii, maana nani anataka kukosa zamu? Eunike alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: apate maji yake mwenyewe, au akaolewe na yule mtu.

Aisee, yule mama akashuka Himo. Kwa Fikirini, mfanyabiashara, akapata mapipa matatu matupu ya mafuta ya taa. Akayaviringisha kupanda mlima, moja moja, siku tatu, gwarara gwarara, kijiji kizima kinasikia. Akachoma nyasi ndani kuua harufu, akasugua kwa mchanga na majivu. Akapasua mianzi, akaifunga chini ya ukingo wa bati. Mvua ya kwanza akaiacha imwagike, ioshe paa kwanza. Ya pili ikajaza yote matatu, akafunika na magunia.

Watu wakamwita Mama Mapipa. Yeye anakunywa, anafua, anamwagilia. Hajaolewa na mtu.

Halafu kiangazi kile kibaya kikaja, na juu huko kipande cha mlima kikaporomoka, kikazika mfongo. Kijiji kizima kikakauka. Ruth, mke wa Eliamini, alikuwa na siku nne tangu ajifungue.

Eliamini akaja kwa Eunike ameshika jani la isale. Kwetu mtu akikuletea isale anaomba radhi, na huwezi kukataa, hata kama amemuua ndugu yako. Akapiga magoti mbele ya majirani, mwanaume mzima.

"Shemeji, nilikukosea. Nisamehe."

Eunike akalipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, shemeji. Toka moyoni."

Eliamini akainuka, akasogeza kibuyu chake kwenye pipa. Eunike akaweka mikono juu ya gunia lililolifunika.

"Unafanya nini?" Eunike akauliza.

"Si umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Isale inaomba msamaha, nimekupa. Maji haikuomba."

"Ruth ana mtoto mchanga!"

"Mpe salamu zangu. Mwambie sina kinyongo."

Jamani! Eliamini akatazama majirani. Mila imefuatwa, utasema nini? Aibu ikamzuia kuomba maji kwa mdomo wake, akaondoka na kibuyu kitupu.

Asubuhi yake akaenda juu na wanaume kufukua mfongo. Ruth akajifunga kanga tumboni, akabeba debe, akashuka korongoni kutafuta mto. Siku ya tano baada ya uzazi! Akateleza. Walimkuta jioni kwenye mawe, amekufa.

Kesho yake Eliamini akarudi na mtoto kifuani, kichanga kinalia sauti imekauka. Mkononi hana jani.

Eunike alikuwa amesimama kwenye pipa, kata imejaa. Hakuisogeza.

"Leo umekuja kuomba nini, shemeji? Sema lote."

Eliamini akalitamka mwenyewe: "Maji."

Ndipo akampa.

Kuna wanaosema Eunike alimuua Ruth. Kuna wanaosema Ruth aliuawa na mumewe siku alipoziba ule mchepuko. Sasa wewe, umepewa jani mkononi, majirani wanakutazama, na una mapipa matatu ya jasho lako: ungefanyaje?