Miguu ya Pedeli

Hata kabla hajageuka, muuguzi alijua kuwa mashine ya kusafisha damu inayolia ni ya kiti cha nne. Hapo alikaa fundi cherehani mmoja ambaye wagonjwa wenzake walimbandika jina la Pedeli, kwa sababu miguu yake haikujua kutulia. Ilikanyaga, ikarusha shuka, ikakanyaga tena, utadhani ana suruali ya mteja anayesubiri mlangoni.

"Nitoe," alisema Pedeli. "Miguu inanitambaa kwa ndani. Nitoe, sista, kabla sijajichomoa mwenyewe."

"Bado dakika arobaini tu, baba."

"Hizo arobaini mpelekee mwenye miguu yake."

Jirani wa kiti cha tatu akaangua kicheko. Muuguzi hakucheka. Kwa miezi miwili sasa mzee huyu alikuwa akikatisha kusafishwa damu, leo nusu saa, keshokutwa dakika arobaini, na maji yaliyobaki mwilini yalikuwa yameanza kumjaa mapafuni. Wiki iliyopita alilazwa akitweta. Daktari hakumung'unya maneno: akiendelea hivi, mwaka hataumaliza.

Muuguzi akaenda mezani kutafuta fomu ya anayekatisha kwa hiari yake, maana bila sahihi hakuna kumtoa mtu. Akiwa anapekua faili la mzee, macho yakaangukia majibu ya miezi miwili nyuma. Madini ya chuma kwenye damu: juu mno. Chini yake daktari aliandika dripu za chuma zisimamishwe. Ila palikuwa pia na saa ya kuchukuliwa damu, tena kwa mwandiko wake yeye muuguzi. Saa tano na robo.

Damu ya kipimo kile huchukuliwa kabla mgonjwa hajaunganishwa na mashine. Akafunua chati ya siku hiyo, huku akiomba awe amesoma vibaya. Dripu ya chuma: saa nne na nusu.

Akakumbuka. Asubuhi ile walikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa kumi, akasahau kuchukua damu mwanzoni, akaichota baadaye akijiambia damu ni damu. Maabara ilipima chuma alichotoka kumtilia mwenyewe. Mzee hakuwa na akiba yoyote, nao wakamnyima miezi miwili mizima. Na chuma kikipungua, miguu ya wagonjwa hawa huweza kuhangaika hivyo hivyo. Chuoni alifundishwa, na kwenye mtihani alilipata swali hilo.

Angeweza kunyamaza. Angechukua damu upya, majibu yangeshuka, dripu zingerudi, na nani angefukua karatasi ya zamani? Aliliwaza hilo kwa muda mrefu kuliko ambavyo angependa kukiri. Kisha mashine ya kiti cha nne ikalia tena, naye akanyanyua simu akamweleza daktari yote. Daktari akamwagiza aandike ripoti na achukue damu keshokutwa, kabla ya mashine.

"Na mgonjwa umwambie mwenyewe," akaongeza.

Alirudi bila fomu. Akamwambia Pedeli kila kitu, waziwazi, na safari hii jirani wa kiti cha tatu hakucheka.

Pedeli alimtazama. Miguu ilikuwa inakanyaga tu.

"Kwa hiyo si uzee."

"Si uzee, baba. Ni mimi. Nisamehe."

"Cherehani nimeshampa mpwa wangu. Nilijua kazi ndiyo imeniaga."

Muuguzi akainama, akaifunika tena miguu kwa shuka.

"Mke wangu hunikalia miguu kila usiku ili nisinzie kidogo," alisema mzee. "Miezi miwili yule mama hajalala." Akavuta shuka pembeni, miguu ikabaki wazi, myembamba, ikirukaruka. "Leo zamu yako."

Muuguzi akavuta stuli, akaiweka miguu ile mapajani na kuikumbatia kwa mikono yote miwili. Ikampiga teke la tumbo. Akakaza mikono, akatazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika thelathini na moja.