Maua ya Mpungate kwa Nyuzi Mia na Tano

Nilipofungua oveni asubuhi ile, harufu ya kuungua ilinipiga usoni kabla sijaona kitu. Maua yangu ya mpungate, ule mmea wa miiba, yaliyokuwa ya manjano jana yake, yalikuwa yamegeuka meusi na yanavunjika kama majani ya chai. Kipimajoto kilisoma mia na tano. Mimi niliiacha kwenye arobaini.

"Nani amegusa oveni?"

"Mimi," alisema Dokta, msimamizi wa utafiti wangu, macho kwenye simu. "Ripoti inatakiwa Ijumaa, binti. Mia na tano ndilo joto la kukaushia sampuli."

Ndiyo, kwa anayepima unyevu wa udongo. Sisi tulikuwa tunatafuta antioksidanti, kemikali za mmea zinazokinga seli zisichakae, na nyingi huharibiwa na moto. Nilikunja ngumi hadi miiba midogo niliyoshindwa kuitoa vidoleni ikaniuma upya. Mpungate ule huchanua mara moja kwa mwaka, na kila ua hudumu siku moja tu. Niliyachuma moja moja kwa wiki tatu.

Nilipima hivyo hivyo. Ile dawa ya zambarau ya kupimia antioksidanti, ambayo maji ya ua lisiloungua huipausha ikawa ya manjano ndani ya nusu saa, ilibaki zambarau tupu. Dokta akachungulia, akaandika daftarini: Maua hayana nguvu yoyote.

"Weka sahihi hapo, uhitimu, yaishe."

"Maua yana nguvu, Dokta. Wewe ndiye umeyaunguza."

"Leo unanifundisha kazi? Bila sahihi, mwaka huu huhitimu."

Miaka mitatu nasotea shahada ile, namwamkia mtu huyu kila asubuhi, nambebea mafaili, halafu anataka nilisingizie ua kosa lake.

Nilivuta daftari. Kurasa zake zina namba, kusudi mtu asichane hata moja. Chini ya mwandiko wake nikaandika: Sampuli zimekaushwa kwa nyuzi mia na tano badala ya arobaini. Aliyebadilisha joto ni msimamizi. Matokeo haya hayafai. Hapo nikaweka sahihi.

Alisoma. "Unajua umejifanyia nini?"

"Najua. Mwakani nachuma upya, na ufunguo wa chumba cha oveni nitakaa nao mimi."

Nikatoka nje kumpigia mama, nimwambie aache kualika watu kwenye sherehe ya mahafali yangu. Alipouliza kwa nini, nililia kwa hasira.