Mboji ya Machibya

Saa kumi na moja jioni, Odeta alikuwa akimwagilia nyanya nyuma ya nyumba yake Kiseke, marehemu mumewe alipochomoza kwenye tuta la tatu. Alichomoza mpaka kiunoni tu.

"Unamwagia majani," Machibya alisema. "Mwagia shina."

Miaka kumi na minane ya ndoa alisema hivyo hivyo. Odeta akasogeza kopo.

Mwaka jana mnyauko uliingia bustanini wiki ile ile Machibya alipougua. Baada ya msiba Odeta aliambiwa ang'oe miche, aichome. Kung'oa aling'oa. Kuchoma ndiko kulikomshinda, maana kila mche Machibya aliufunga kijiti kwa mkono wake. Akaitupa yote kwenye shimo la mboji, na sasa mboji ilikuwa imeiva, ndiyo aliyoijaza tuta la tatu.

Ugonjwa ule una tabia yake: mchana mche unalala, jioni unainuka kama haujawahi kuumwa. Machibya naye hivyo hivyo. Adhuhuri alilala kifudifudi tutani, jioni alikaa wima akiulizia ndugu zake wa Nansio. Siku ya tisa nyanya hazikuinuka. Wala yeye.

Odeta akajaza mboji tuta jingine, akapanda miche mipya, na Machibya akachomoza tena.

Jirani yake, Mwaija, alikuwa amepewa ndoo mbili za mboji hiyo. Akaita juu ya ua.

"Shoga, njoo umchukue mumeo! Yuko kwenye nyanya zangu na anakosoa. Eti napalilia kama naua nyoka."

"Si kweli?"

"Kweli. Lakini nyanya zangu zimelala zote, Odeta. Nitakula nini?"

Bibi shamba, Gladness, alifika na pikipiki. Akampa Odeta shikamoo, akampa na Machibya. Akakata shina, akalichovya kwenye glasi ya maji. Uzi mweupe kama maziwa ukashuka.

"Mnyauko. Mboji hii ichomwe, mama. Hapa panda mahindi, miaka minne."

"Kwenye mahindi atakuja?"

Gladness akatazama daftari lake. "Mahindi hayashiki ugonjwa huu."

"Msikilize mtaalamu," alisema Machibya.

"Wewe nyamaza, ulishakufa."

Odeta akaahidi kuchoma.

Jumatatu, Mwaija aling'oa miche yake mmoja mmoja, akiipigapiga chini kukung'uta udongo. Ng'ambo ya ua Odeta aliinama asionekane, akapanda nyanya kwenye mboji ile ile. Kati ya mche na mche aliacha nafasi kubwa, mtu mzima akae bila kujikunja.