Vivuli vya Misumari

Padri alipotangaza baada ya misa kwamba Jumanne ingekuja droni kupiga picha mapaa yetu yote, watu wa mlima wetu walifanya jambo ambalo nadhani wao peke yao duniani wangelifanya. Walikwenda kununua rangi.

Ilikuwa katikati ya Mei, na msimu wa vimbunga kwetu unafunguka Juni. Mradi uliotoka mjini uliahidi skrubu na mikanda ya chuma, bure, kwa kila nyumba ambayo paa lake lingeonekana bovu. Padri alilieleza hilo vizuri, tena mara mbili. Lakini kilichobaki masikioni mwa watu ni neno picha, na kwetu mtu hapigwi picha na nguo za shambani. Kufika Jumatatu jioni mlima mzima ulikuwa mwekundu, mabati yote yanang'aa, na kila mwanamume ana madoa kwenye nywele.

"Wageni waje waone kutu yangu?" bibi yangu alisema. "Kutu ni siri ya mwenye nyumba."

Bibi Ermina ni mama mzazi wa baba yangu. Nyonga yake ilivunjika katika kile kimbunga kikubwa cha miaka sita iliyopita, siku ambayo paa letu liling'oka zima zima kama kifuniko cha sufuria na boriti ikamwangukia. Tulikaa chini ya meza ya jikoni mpaka alasiri, yeye ananishika sikio ili ajue nipo. Tangu hapo anatembea na magongo mawili, hatua kumi, kisha anatafuta kiti. Pa kukimbilia kimbunga kikija ni shuleni, chini kabisa ya ngazi za mawe, na ngazi zile hata mbuzi huzishuka kwa kufikiri.

"Kikija kingine," huniambia, "wewe Vernice kimbia. Mimi nitabaki na paa langu."

Sitakimbia, na yeye anajua. Kwa hiyo mawazo yangu yote ya mwaka ule yalikuwa juu ya paa.

Aliyelijenga upya ni Gervais, fundi seremala, jirani yetu wa upande wa juu. Baada ya kimbunga hapakuwa na msumari wa kununua kisiwa kizima. Gervais alizunguka kwenye vifusi na koleo lake la kung'olea, akaing'oa misumari mmoja mmoja kutoka kwenye mbao zilizovunjika, akainyoosha juu ya jiwe. Mimi nilikuwa nashika kopo. Alitufunika sisi kwanza, kabla hajafunika kwake, kwa sababu ya nyonga ya bibi, na hakupokea kitu ila sahani ya magimbi. Watu wengine walilala chini ya turubai mwaka mzima. Kwa hiyo usinisemee vibaya lile paa.

Lakini nilikuwa najua. Shamba letu liko ng'ambo ya korongo, juu kidogo kuliko nyumba, na kila asubuhi nikifika pale naona paa letu lote limelala mbele yangu kama shuka. Jua likichomoza linapita juu ya mabati kwa ubavu, na hapo, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai ya kakao, nilikuwa naona vidoa vyeusi vimejipanga mstari kama mshono. Ni misumari iliyoinuka. Kila uliojitokeza unatupa kivuli chake. Jua likipanda, vivuli vinajificha na paa linakuwa zima. Mwaka juzi mshono ule ulikuwa upande wa jikoni tu. Mwaka huu ulikuwa umefika juu ya kitanda cha bibi.

Sikumwambia mtu. Ningeanzaje? Ningemwambia Gervais kwamba fadhila yake inang'oka?

Jumanne saa tano akafika kijana wa mradi, Heskeith, mrefu, mwenye kofia na sanduku jeusi. Alishusha mzigo kwenye uwanja wa mpira akapanga vitu vyake taratibu, nasi tukamzunguka kama wanaonunua samaki.

"Kaka," akasema mama mmoja, "ukifika kwangu kuna nguo za ndani kwenye kamba. Geuza hicho kidudu kiangalie baharini."

"Acha aone," mwingine akadakia, "labda atakuletea mpya."

Heskeith akacheka mpaka akakosea kufunga betri. Saa sita kamili ile droni ikapanda, ikazunguka mlima kwa mlio wa nyuki, mstari kwa mstari kama mtu anayepalilia, kisha ikarudi na kutua miguuni pake. Akakaa kwenye jiwe na kioo chake cha kuonyesha picha mapajani. Kila nyumba ikapewa doa: jekundu ni paa bovu, la njano ni la wasiwasi, la kijani ni zima.

Kijani. Kijani. Kijani. Mlima mzima kijani, isipokuwa banda la nguruwe la mjane mmoja ambalo halikupakwa rangi.

Watu wakapiga makofi! Nasema kweli, walipiga makofi kama wazazi siku ya matokeo.

"Nani alipiga misumari mlima huu?" Gervais akauliza kwa sauti, mikono kiunoni.

"Wewe!"

"Sikusikia."

"Wewe, mzee, wewe!"

Heskeith naye akatupongeza. Akasema vijiji vya jirani vimejaa wekundu, sisi tumejaliwa. Orodha ataipeleka mjini kesho saa sita mchana, na baada ya hapo haifunguliwi tena mpaka mwakani. Watu wakazidi kufurahi. Bibi, aliyekuwa anatazama kutoka barazani, akanituma nimpelekee kijana shelisheli la kuchoma na samaki wa chumvi, kwa heshima aliyotuletea.

Nikampelekea. Alikuwa peke yake sasa, anafunga sanduku.

"Kaka Heskeith," nikasema, "paa letu si zima."

Akatazama kioo chake. "Namba kumi na saba? Kijani hiyo, dada. Tena safi."

"Imepakwa rangi jana."

"Ipi?"

"Zote."

Alikuwa ameanza kula; akasita na kijiko hewani. Nikamweleza. Nilisema taratibu kwa sababu nilitaka nisikose hata kitu kimoja, na yeye, namshukuru mpaka leo, hakunikata. Wenye karatasi wengi huwa wanamaliza sentensi za mtu kama mimi kabla yake. Huyu alitafuna polepole akasikiliza.

"Njoo asubuhi," nikamwambia. "Saa kumi na mbili na nusu."

"Dada, asubuhi haturuhusiwi. Tumefundishwa saa sita, jua likiwa utosini, kwa sababu vivuli vinaharibu picha."

"Lakini mimi ninachotaka ukione ndicho hicho kivuli."

Akaacha kula. Akatazama mlima, akatazama jua, akatikisa kichwa, si kwa kukataa.

"Saa mbili nina kazi kijiji kingine," akasema. "Nikilala kwa shangazi yangu hapo chini naweza kuwahi. Lakini mwenye nyumba awepo. Nikibadilisha doa lazima atie sahihi kwamba paa lake ni bovu."

Hilo la sahihi ndilo lililonipeleka kwa Gervais alasiri ileile. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Alikuwa ananoa randa.

"Mjomba," nikasema, "kesho asubuhi yule kijana anarudi kuangalia paa letu. Mimi ndiye niliyemwita. Misumari inainuka."

"Misumari yangu?"

"Yako, mjomba. Ndiyo iliyotulaza pakavu miaka sita."

Aliendelea kunoa, kisha akasema bila kuinua macho, "Siku hizi ng'ambo ya korongo kuna wakaguzi." Nikaondoka na uso unawaka.

Lakini kulipokucha nilimkuta uwanjani amefika kabla yangu, shati amefunga vifungo mpaka shingoni. Hakunisalimia. Heskeith akaja anapiga miayo, akairusha droni. Jua lilikuwa linachungulia tu mgongoni mwa mlima. Droni ikasimama juu ya nyumba yetu, chini kuliko jana, na Heskeith akainamia kioo.

"Mama yangu," akasema.

Mshono ulikuwa pale. Kwa karibu ulikuwa mbaya kuliko nilivyouzoea. Vichwa vya misumari vimesimama kama uyoga baada ya mvua, kila kimoja na mkia wake mweusi, kutoka jikoni mpaka juu ya kitanda cha bibi, na kwenye kona moja bati lenyewe limeachia, unaona kivuli chake kinapumua.

Gervais akanyoosha mkono, Heskeith akampa kioo. Akakitazama muda mrefu sana. Nilisikia jogoo wawili wakijibizana nikatamani mmoja wao awe mimi.

"Huu hapa," akasema mwishowe, akiweka kidole, "niliunyoosha mara mbili. Ulikuwa mbishi tangu zamani." Kisha akamgeukia Heskeith. "Kijana. Pitisha kidudu chako juu ya paa langu."

Lake lilikuwa hivyohivyo. Akacheka, kicheko cha mtu aliyekaa kwenye kiti kilichovunjika. "Haya, pitisha na kwa huyo anayenidai kuku. Pitisha kote. Yote ni misumari ya kifusi, yote nilipiga mimi."

Betri zilitosha nyumba kumi na mbili, jua likawa limeshapanda. Kumi zilikuwa na mshono.

Shida ikabaki kwa bibi. Heskeith alimwekea karatasi mezani, kalamu juu yake, na bibi akaisukuma kwa ncha ya gongo.

"Jana kijani, leo nyekundu. Nimefeli mtihani nikiwa kitandani!"

"Bibi, si wewe uliyefeli," nikasema.

"Wewe nyamaza, umeniumbua mbele ya ndege." Akamtazama kijana. "Mwanangu, siandiki kwamba kazi ya Gervais ni mbovu. Huyu alitupa paa wakati hata turubai zilikuwa hazijafika. Nitamlipa kwa sahihi ya namna hiyo? Bora liondoke tena."

Orodha ilikuwa inafungwa saa sita, na bibi yangu akishasema hapana huwa hasemi kitu kingine mpaka Pasaka.

Gervais alikuwa amesimama mlangoni. Akaingia, akavuta kiti, akakaa karibu naye kiasi cha kugusana magoti.

"Ma Ermina, nisikilize. Ile misumari ilikuwa mizee nilipoiokota. Niliiambia, nisaidieni mpaka Krismasi. Imekaa miaka sita. Hebu tuiache ipumzike."

"Utasema hivyohivyo kwa watu?"

"Nitasema kanisani ukitaka. Na mimi natia sahihi ya paa langu hapahapa, kabla yako, uone."

Akachukua kalamu akaandika jina lake, polepole, ulimi nje. Bibi akamwangalia mpaka mwisho. Kisha akapokea kalamu.

"Vernice, nishikie karatasi, mkono wangu unatetemeka. Si kwa hofu. Ni kwa kukukasirikia wewe."

Lori la skrubu lilifika tarehe mosi Juni. Sisi tuna desturi ya koudmen: kazi ya mmoja inafanywa na wote, na mwenye nyumba anapika. Wakaja watu ishirini na tatu. Gervais alikuwa juu na mashine ya kukaza, anaimba, wengine wanapokezana mikanda ya chuma ya kufunga kenchi na ukuta. Kila msumari uliotolewa aliudondosha kwenye kopo nililoshika, akasema, "Asante. Asante. Wewe mbishi, asante." Kuna waliocheka. Mimi nililia kidogo, nikasingizia moshi wa sufuria. Bibi alisimamia supu tangu asubuhi, akiwa kwenye kiti katikati ya ua, na alihakikisha mnofu mkubwa umekwenda kwa Gervais, na wa pili kwa Heskeith, aliyekuja siku yake ya mapumziko na hakujua kushika hata nyundo.

"Mwache huyo," Gervais alipiga kelele kutoka juu. "Yeye kazi yake ni angani. Mpeni chakula."

Kimbunga kilikuja Septemba. Hakikuwa kikubwa kama kile, lakini kilitosha kuangusha migomba yote ya korongoni na kulaza nguzo za umeme. Kilianza saa nane mchana. Bibi aliniambia nikimbie, nikamwambia sawa, nikakaa. Nilikuwa namenya shelisheli. Upepo ulikuja kwa mapigo, nyumba ikashtuka, ukuta ukalia, mimi nikawa natazama juu pale kwenye kona iliyokuwa imeachia, kisu mkononi, simenyi tena.

Bibi alikuwa kitandani na rozari. Alisali kwa sauti ili ashinde upepo. Aliwaombea marehemu, akamwombea baba yangu aliye ughaibuni, akamwombea Gervais, akamwombea kijana wa sanduku jeusi na shangazi yake aliyempa pa kulala. Halafu akanyamaza, nikadhani amefika kwangu na ananiombea kimoyomoyo. Nilipogeuka, alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi, na bati lililo juu yake halikutikisika.

Nikarudi kumenya.